LUGHA: 'Run' si kukimbia pekee

KITENZI cha Kiingereza 'run' hufunzwa katika madarasa ya chini kwa maana moja tu: kukimbia. Hata hivyo, wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, walipokamilisha marekebisho ya kitomeo hicho mnamo 2011, waliorodhesha maana 645. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, kitenzi 'set' ndicho kilichokuwa na maelezo marefu zaidi.

Kiini cha maana hizo ni mwendo usiokatizwa. Kwa hivyo, Kiingereza hutumia neno lilo hilo pale ambapo Kiswahili huteua vitenzi mbalimbali: mto hutiririka, injini hunguruma, barabara hupita, rangi ya kitambaa huchuja, mkataba hudumu. Kitenzi kikichukua yambwa, mwenye duka huendesha biashara, gazeti huchapisha habari, nayo maabara hufanya vipimo.

Katika siasa, Mmarekani hutumia 'run' ilhali Mwingereza aghalabu hutumia 'stand'. Mswahili hakimbii wala hasimami, bali huwania au hugombea. Ndiyo maana 'running mate' akaitwa mgombea mwenza.

Hospitalini, Wakenya wengi husema 'running stomach' wakimaanisha kuhara. Ajabu ni kuwa Kiswahili nacho kina tumbo la kuendesha, lisilohusiana kamwe na kuendesha gari.

Mahakamani ndiko kosa la tafsiri huweza kumgharimu mtu miaka. Mshtakiwa akihukumiwa vifungo viwili vya miaka mitano kila kimoja, hakimu huamua jinsi vitakavyo-'run'. Vikiwa 'concurrently', vinatumikiwa sambamba, na jumla ni miaka mitano. Vikiwa 'consecutively', kimoja hufuata kingine, na jumla ni miaka 10. Ripoti isemayo tu kwamba "vifungo vitaendelea" haimwambii msomaji lolote, na jamaa za mfungwa hubaki gizani.

Kiswahili pia kina kitenzi cha aina hiyo: piga. Mtu hupiga simu, pasi, deki, picha na kura, bila kumuumiza yeyote.

Mfasiri makini, basi, hatafsiri kitenzi kikiwa pweke. Hutazama kwanza kiima, kisha yambwa, halafu kihusishi kinachofuata: 'run out' ni kuishiwa, 'run over' ni kukanyaga kwa gari, na 'run into' huweza kuwa kugonga au kukutana kwa sadfa. Muktadha ndio hakimu.