Mwenye kusifu njo mwenye kuchongea: historia ya neno moja



Juma lililopita kijana mmoja wa promosio za nyuma aliniuliza: "Mukubwa, 'sycophancy' ni nini kwa Kiswahili?" Alikuwa anajitayarisha kwa mtihani wa Kiingereza, anatafuta kazi. Nikamjibu haraka: "Ni kumupakala mukubwa mafuta." Akacheka, akaandika. Lakini usiku nikaona nimemjibu nusu tu. Lile neno lina historia, na hiyo historia inatugusa sisi watu wa Goma pengine kuliko Waingereza wenyewe.

Neno limetoka Ugiriki ya zamani. Kule Athens hapakuwa na mwendesha mashtaka wa serikali kama tunavyomjua leo. Raia yeyote aliweza kumshtaki mwenzake, na kwa kesi fulani mshtaki alipata sehemu ya mali iliyotozwa. Basi wakatokea watu walioifanya hiyo kuwa kazi: leo wanamshtaki huyu, kesho wanamtisha yule ili awape pesa. Hao njo waliitwa "sykophantes". Kwa herufi, maana yake ni mwenye kuonyesha tini, lile tunda. Mwandishi Plutarch anaeleza kwamba jina lilianza wakati wa kuwachongea watu waliouza tini nje kinyume cha sheria. Wanahistoria wengi wanaona ni hadithi tu, lakini maana yenyewe haina ubishi: alikuwa mchongezi.

Waingereza walilichukua neno karne ya 16, na pole pole likageuka. Kwao leo ni mtu anayemsifu mukubwa kwa sifa za uongo ili apate faida. Wafaransa walibaki na maana ya kale: fungua kamusi, utaona "sycophante" bado ni mchongezi. Neno moja, lugha mbili, maana mbili. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaweza kufikiri Waingereza walikosea. Mimi nasema hapana. Ni mtu yule yule, ila Mfaransa anamtazama akiwa ofisini kwa mukubwa anamtaja jirani yake, na Mwingereza anamtazama akiwa pale pale dakika tano mbele, anamsifu mukubwa koti lake.

Kiswahili nacho hakikosi maneno. Watu wa pwani wanasema kumvika mtu kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani tu. Asubuhi kilemba kinapendeza, jioni kimekauka. Wanasema pia kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kinshasa na Lubumbashi kuna "djalelo", neno la wimbo wa kushangilia mukubwa, ambalo leo ni jina la sifa za kutafutia chakula. Wanamuziki wetu wana "mabanga": unatoa pesa, jina lako linatajwa ndani ya wimbo. Angalau mabanga yana ukweli wake, kwa sababu kila mtu anajua imelipwa.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka 1967 akaunda chama cha MPR, na mwaka 1974 katiba ikakifanya chama hicho kuwa chombo pekee cha nchi. Upende usipende, ulikuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Ndipo "animasio" ikaingia kila mahali: wafanyakazi na wanafunzi wanaimba na kucheza mbele ya bendera, wanawake wamevaa vitenge vyenye sura ya Kiongozi, na habari za televisheni zinafunguliwa na uso wake ukitoka mawinguni. Baba yangu mukubwa, ambaye wakati ule alikuwa karani hapa Goma, alituambiaka: "Tulikuwa tunaimba asubui yote, na njala njo ilikuwa inatupigia ngoma."

Angalia wakati wenyewe. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianizasio: maduka, mashamba na biashara za wageni zigawiwe Wazaire. Wengi waliopewa walikuwa watu wa karibu na wakubwa, na hawakujua kuziendesha. Rafu zikabaki tupu. Bei ya shaba nayo ikaanguka. Nyimbo hazikupungua.

Na aliyesema ukweli? Novemba 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya wazi ya kurasa 52. Haikuwa na kilemba cha ukoka. Walikamatwa, wakavuliwa ubunge, wengine wakapelekwa mbali vijijini. Kila karani wa nchi hii alielewa somo: barua fupi ya sifa ni salama kuliko barua ndefu ya ukweli.

Halafu ukafika Januari 1990. Ukuta wa Berlin umeanguka, Ceausescu, rafiki yake wa Rumania, amepigwa risasi siku ya Noeli. Mobutu akaamua kuzunguka nchi na kuwauliza watu wanataka nini. Zikaja memoranda zaidi ya 6,000. Wengi sana walitaka mabadiliko. Hebu fikiri: walioandika ni raia wale wale, walimu, makarani, madaktari na mapadri, waliokuwa wanapigiwa muziki wa animasio miaka yote. Tarehe 24 Aprili 1990, pale Nsele, alitangaza mwisho wa chama kimoja, na machozi yakamtoka. Watu wanabisha mpaka leo kama yalikuwa ya kweli. Mimi naamini kwamba mtu aliyesikia sifa miaka 24 anaweza kweli kushangaa siku anapoambiwa ukweli.

Lakini ile maana ya Kigiriki ilikuwa bado hai. Majuma machache tu baadaye, kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi, wanafunzi waliwashika na kuwapiga wenzao waliowashuku kuwa wachongezi wa utawala. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 chuo kikashambuliwa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Kwa hiyo, ndugu zangu, sifa za uongo si mchezo wa mdomo tu. Pale kusifu kunapokuwa lazima, kunyamaza kunakuwa kosa, na lazima awepo mtu wa kuhesabu nani amenyamaza. Huyo wa kuhesabu mara nyingi ni yule anayeimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mobutu alianguka Mei 1997. Mji wetu ulikuwa umemtoka mapema, Novemba 1996, AFDL ilipoingia. Tangu siku hiyo Goma imeona wakubwa wengi, wa serikali na wa waasi. Kila mmoja anataka kupokelewa, na mapokezi yanahitaji mtu wa kuandika hotuba. Hapo njo tunaingia sisi wenye diplome. Mama anayeuza makala sokoni hajawahi kuandika mosio ya kuunga mkono. Sisi tumeziandika.

Mimi pia. Miaka kadhaa imepita, mahali nilipokuwa nafanya kazi tulitegemea mgeni mukubwa. Nikaambiwa: "Weye njo mwenye masomo, utuandikie kitu ya kumufurahisha sheefu. Ile mambo ya mishahara usiitaje." Miezi minne hatukuwa tumelipwa. Niliandika kurasa mbili nzuri sana. Watu walipiga makofi, mgeni akaondoka ameridhika, na mshahara haukuja. Mwenzangu mmoja alikataa kutia sahihi ile karatasi. Jioni yake niliulizwa: nani hakusaini? Nikataja jina.

Kwa hiyo, kijana wa promosio, jibu langu la juma lililopita halikutosha. Ukiulizwa kwenye mtihani, andika kumpaka mtu mafuta, watakupa pointi. Lakini Wagiriki walikuwa na maana nyingine ya neno hilo, na mimi naijua, maana niliifanya kwa mkono wangu.