Harusi za Mtwara na muziki uliotoka ng'ambo

Tarehe 25 Januari 1858, binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa jijini London na Friedrich, mwanamfalme wa Prussia. Maharusi walipogeuka kutoka kanisani, ulipigwa muziki wa Felix Mendelssohn, ule ambao hadi leo ukisikika katika ukumbi wa Mtwara watu husimama na kukodolea macho mlangoni. Mendelssohn aliutunga mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa Shakespeare. Alifariki mwaka 1847, kwa hiyo hakuwahi kujua kwamba kazi yake ya jukwaani ingekuja kuwa alama ya ndoa. Baada ya harusi ile ya kifalme, matajiri wa Ulaya waliiga, na watu wa kawaida wakawaiga matajiri.

Mwaka mmoja baadaye maharusi wale walipata mtoto wa kiume, wakamwita Wilhelm. Huyo ndiye Kaisari Wilhelm wa Pili, ambaye Wajerumani waliitawala kusini yetu kwa jina lake na kujenga boma la Mikindani mwaka 1895. Nyumba moja ilitupatia mtawala na wimbo. Mtawala aliondoka na vita vya 1914 hadi 1918. Wimbo umebaki.

Nayaeleza haya kwa sababu ya ubishi unaozuka kila msimu wa korosho. Wakulima wakishalipwa, harusi hufuatana, kuanzia Mikindani na Msangamkuu mpaka Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma, na kamati za harusi hubishana muziki hadi usiku. Hoja ni zilezile: taarabu ni yetu, Mendelssohn ni wa Wazungu, ngoma ibaki kijijini. Historia haikubaliani na hoja hizo. Taarabu na ule muziki wa kutokea kanisani ni marika. Vyote viwili vilifika pwani ya Afrika Mashariki baada ya katikati ya karne ya 19, na vyote viwili vilianzia kwa wafalme kabla ya kuwafikia raia. Wazee wa pwani hawakuuliza muziki ni wa nani. Waliuliza huu ni wa saa gani, maana harusi ina saa nyingi na kila saa ina sauti yake.

Chukua Mikindani, mji wa Kiislamu uliokuwa na biashara ya majahazi karne nyingi kabla Livingstone hajaanzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Akdi husomwa kwa utulivu, bila ala yoyote. Muziki huja na maulidi. Maulidi ya Barzanji yaliandikwa Madina katika karne ya 18, na mpangilio wake haubadilishwi ovyo: msomaji husoma kipande, waitikiaji hujibu kwa kaswida, dufu huingia mahali pake, na yanapotajwa mazaliwa ya Mtume watu wote husimama. Kijana wa Mikindani aliyekulia kwenye maulidi tayari ana sikio la muziki wenye sehemu, wenye kusubiri na wenye kupanda hatua kwa hatua. Anayedhani kwamba muziki wa aina hiyo ni wa Ulaya peke yake hajakaa jamvini akasikiliza.

Taarabu ina njia yake. Masimulizi ya Unguja yanasema Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Aliporudi akawafundisha wengine, na muziki wa kasri ukaanza kutoka nje. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeanza kwa kuuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, na santuri zake zikauzwa pwani nzima. Mikindani ilikuwa chini ya masultani wa Unguja kabla ya Wajerumani, na majahazi hayakukatiza safari bendera ilipobadilika.

Katika taarabu ya jadi wapigaji hufungua kwa bashrafu, kipande cha ala tupu, cha mwendo wa taratibu, kisicho na mwimbaji. Wageni wanakaa, wanasalimiana, masikio yanatulia. Waimbaji hufuata baadaye, na hapo ndipo watu huinuka kutuza. Ningetamani kumbi zetu za Mtwara zirudishe bashrafu. Siku hizi mgeni anaingia mlangoni akipokewa na spika zinazotikisa kifua, hawezi hata kumjulia hali mjomba wake aliyetoka Newala. Ni hasara kubwa, kwa sababu harusi ndiyo siku ya watu wa ukoo kuonana.

Muziki wa kanisani ulipitia Lindi na kupanda bara. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitembea kutoka pwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi Masasi. Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906. Hapa kuna jambo ambalo wanakwaya wengi hawajaambiwa. Miaka mitatu kabla, tarehe 22 Novemba 1903, Papa Pio wa Kumi alitoa waraka kuhusu muziki wa kanisa. Aliupa wimbo wa Gregori nafasi ya kwanza, akakataza mitindo ya majukwaa ya maigizo, akakataza piano, na akakataza ngoma kwa kuitaja. Wamonaki wa Ndanda walianza kazi chini ya sheria hiyo, katikati ya Wamwera, Wamakua na Wamakonde, watu ambao hawakuwa na sherehe hata moja isiyo na ngoma.

Waanglikana walikwenda kwa mwendo mwingine. Vincent Lucas, aliyefanywa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliingiza sala za Kikristo ndani ya jando badala ya kulipiga marufuku. Kwa Wakatoliki mlango ulifunguka rasmi tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoagiza muziki wa watu wa nchi za misioni upewe heshima yake na kuruhusu ala nyingine kwa idhini ya maaskofu. Mwaka huohuo padre Mtanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo bibi harusi wa Kikatoliki anayeingia kanisani Mtwara leo kwa ngoma, kayamba na vigelegele anafanya jambo ambalo bibi yake aliyefunga ndoa miaka ya 1950 hakuruhusiwa. Sheria ile ya 1903, kama ingefuatwa sawasawa, ingewatoa nje Mendelssohn na mpiga ngoma siku moja.

Kuhusu wimbo wa kuingilia wa Wagner, ule wa polepole unaopigwa bibi harusi akishikwa mkono na baba yake, nina la kusema. Umetoka katika opera ya Lohengrin, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1850, mwongozaji akiwa Franz Liszt. Ndani ya opera hauimbwi kwenye kuingia kanisani hata kidogo. Unaimbwa ndoa ikishafungwa, wakati maharusi wanasindikizwa chumbani, na ndoa yenyewe inavunjika usiku uleule. Kwetu saa hiyo ni ya somo na kungwi, na nyimbo zake zipo, zinaimbwa na wanawake wanaozijua, nyingine hazifai masikio ya wanaume. Sioni sababu ya kuuhamisha wimbo wa mlango wa chumba kuupeleka mlango wa kanisa.

Anayetaka muziki wa Ulaya wa kuingilia ana chaguo jema zaidi kwa Johann Pachelbel, Mjerumani aliyefariki mwaka 1706. Kanoni yake ilisahaulika kwa muda mrefu, ikaja kujulikana duniani baada ya Mfaransa Jean-François Paillard kuirekodi mwaka 1968. Sauti yake ya chini ina noti nane tu, zinazorudiwa mara 28. Mpiga kinanda wa parokia anaweza kuikatisha mwisho wa mzunguko wowote, bibi harusi akifika altareni mapema au akichelewa kwa sababu shangazi wametandika khanga njiani. Ule wa Mendelssohn hauna subira hiyo. Uacheni kwa kutokea, kama London mwaka 1858. Na kwaya yenye sauti nne zilizokamilika, hasa yenye besi wa kweli, iimbe Haleluya ya Handel, iliyotungwa 1741 na kuimbwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Wanakwaya wetu huiita Haleluya Kuu na wengi wanaijua kwa moyo.

Nje ya kanisa ni zamu ya matarumbeta, yanayotangulia gari la maharusi juu ya kirikuu. Hayo nayo yana ndugu wa zamani. Beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikasambazwa na askari wakati wa vita vya kwanza vya dunia, na ikazaa mganda na malipenga kuelekea Ziwa Nyasa. Kijana anayepuliza tarumbeta barabara ya Mikindani anaendeleza kazi ya zaidi ya miaka mia.

Ukumbini, baada ya chakula, saa ya sindimba ifike wazi, isisukumiwe mwisho wakati wazee wameshaondoka na mshereheshaji anatazama saa. Na kamati iwaandike wapiga ngoma kwenye bajeti siku ileile inapoandika spika na keki, iwalipe malipo ya awali kama inavyomlipa mpambaji, na iwaulize mapema wanahitaji moto wa kukazia ngozi za ngoma uwashwe wapi.