Lugha zisizo na ndugu: Ekegusii, Kihadzabe na Kibaski

MSEMAJI wa Ekegusii aliyezaliwa Ekerenyo, katika Kaunti ya Nyamira, ana majirani wengi wasioelewana naye: Wajaluo upande mmoja, Wakipsigis na Wamaasai upande mwingine, wote wakizungumza lugha za Kinailoti. Hata hivyo, upweke huo ni wa ramani tu. Akifika kwa Wakuria wa Migori au Wamaragoli wa Vihiga, atawakuta ndugu wa lugha yake.

Undugu huo hauthibitishwi na maneno machache yanayofanana, kama "omonto" na "mtu". Wanaisimu hutafuta kanuni isiyobadilika. Kwa mfano, Ekegusii husema "kogenda" (kwenda), lakini "gosoma" (kusoma): "k" ya mwanzo hugeuka "g" iwapo konsonanti inayofuata haina mghuno. Kanuni hiyo, iitwayo Sheria ya Dahl, imo pia katika Kikuria na Kikuyu.

Zipo lugha ambazo uchunguzi wa namna hiyo haujazipatia ndugu hata mmoja. Barani Ulaya inayotajwa sana ni Kibaski, ambacho wenyewe hukiita Euskara, kinachozungumzwa mpakani mwa Uhispania na Ufaransa. Mbili kwa Kibaski ni "bi", na Mgusii anayehesabu "ibere" angeweza kudhani amepata jamaa. La hasha! Ni sadfa tupu. Vilevile "liburu", yaani kitabu, ni neno la mkopo kutoka Kilatini, na halikifanyi Kibaski kuwa Kilatini, kama vile "kitabu" kisivyokifanya Kiswahili kuwa Kiarabu.

Afrika Mashariki nayo ina lugha kama hiyo. Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Wahadzabe wapatao elfu moja huzungumza lugha yenye vidoko, sauti za kugonga ulimi kinywani. Kwa sababu ya vidoko hivyo, Mmarekani Joseph Greenberg aliiweka mwaka 1963 pamoja na Kisandawe na lugha za kusini mwa Afrika katika familia ya Khoisan.

Hoja hiyo ilikuwa dhaifu. Kizulu kina vidoko na ni lugha ya Kibantu; Kidahalo cha pwani ya Kenya kinavyo, nacho ni cha Kikushi. Sauti huazimwa kama maneno yaazimwavyo. Leo wataalamu wengi hukihesabu Kihadzabe kuwa lugha pweke, ingawa Kisandawe bado kinabishaniwa.

Milima ya Caucasus, kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, inaonyesha tahadhari hiyo. Lugha zake za asili huitwa kwa jina moja, lakini zimegawanywa katika familia tatu ambazo undugu baina yao haujathibitishwa. Mojawapo ya lugha hizo, Kiubykh, ilikuwa na konsonanti zipatazo 80 na irabu mbili au tatu tu. Msemaji wake wa mwisho, Tevfik Esenç, alifariki nchini Uturuki mwaka 1992.

Kiubykh kiliacha jamaa, Kiabkhazi na Kiadyghe, ambao kwao mtafiti anaweza kufuatilia mizizi ya maneno yake. Karibu na Ekerenyo, Kisuba kimemezwa kwa kiasi kikubwa na Kijaluo, lakini wanaokichunguza wanaweza kukilinganisha na lugha nyingine za Kibantu. Kihadzabe hakina pa kulinganishwa. Yasiyorekodiwa kwa wasemaji hao elfu moja hayawezi kutafutwa katika lugha nyingine yoyote.