Elimu ya Moto wa Nyika kwa Intaneti
Haya ni masomo ya ikolojia na usimamizi wa moto kwa watu walio kazini, hasa maofisa misitu na wazimamoto wasioweza kuacha kituo msimu wa moto. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Idaho hutoa mkondo huu katika shahada ya uzamili ya maliasili.

Idaho ina historia nzito. Mwezi Agosti 1910 moto uliteketeza takribani hekta milioni 1.2 huko na Montana, na sera ikawa kuzima kila moto. Mwaka 1935 iliagizwa kila moto udhibitiwe kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata. Majani makavu na miti midogo vikarundikana, vikawa kuni za mioto mikali zaidi.

Ndiyo maana mwanafunzi hujifunza pia kuwasha moto kwa makusudi ili kupunguza kuni hizo. Hukokotoa kasi ya moto kwa mlinganyo wa Richard Rothermel wa 1972, akipima mteremko, upepo na unyevu wa nyasi, na husoma habari za msonobari wa Pinus contorta, ambao koni zake nyingi hufungwa kwa utomvu mpaka joto la moto lizifungue.

Skrini ina mipaka. Nadharia ya kozi ya msingi ya wazimamoto, S-130, husomwa kwa intaneti, lakini kuchimba kinga-moto hufanyiwa mazoezi uwandani, jembe mkononi.