Kasha Lawiwa

Karibu kila anayeanza kusoma uhasibu huuliza swali moja, nalo ni swali la haki. Pesa imepokelewa, imetiwa sandukuni. Mbona mwalimu anasema sanduku lidebitiwe? Debiti si deni? Kupokea kumegeukaje kuwa kudaiwa? Mara nyingi huambiwa akariri tu: debiti kushoto, krediti kulia.

A. C. Littleton hakutosheka na kukariri. Alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Wananadharia humkumbuka kwa kitabu alichoandika pamoja na William Paton mwaka 1940, na kwa jinsi alivyoshikilia kwamba mali ibaki vitabuni kwa bei iliyonunuliwa. Mimi humrudia kwa kitabu chake cha 1933, Accounting Evolution to 1900, kwa kuwa humo anazisoma daftari za kale kwa jicho la mtu wa lugha. Safu mbili za tarakimu tulizozizoea, anaonyesha, zilianza zikiwa sentensi kamili. Mabaki ya daftari ya wenye benki wa Florence, ya mwaka 1211, ndivyo yalivyo: fulani ana wajibu wa kutupa kiasi hiki, kwa siku hii. Kuna mtu, kuna kitenzi, kuna ahadi. Baadaye sentensi ikafupishwa, kitenzi kikadondoka, na pale juu ya ukurasa palipokuwa na jina la mtu pakaingia jina la kitu: pilipili, sanduku, mtaji. Lakini kitu hicho kiliendelea kutendewa kama mtu.

Luca Pacioli alipochapisha kitabu chake, Summa, huko Venice mwaka 1494, hakubuni desturi hiyo. Aliiandika tu kama wafanyabiashara wa mji ule walivyoifuata. Katika kuandika fedha taslimu, cassa, yaani sanduku, huwekwa mahali pa mdaiwa na cavedale, yaani mtaji, mahali pa mdai. Sanduku limekabidhiwa pesa, basi lina la kujibu kwa mwenyewe, kama mtumishi aliyepewa funguo. Swali la mwanafunzi limejibika.

Nilipoyaelewa hayo ndipo nilipoanza kuyatazama upya maneno yetu wenyewe. Kiswahili kina jozi ya vitenzi ambayo vitabu vya uhasibu vimeiacha nje: kuwia na kuwiwa. Namwia Juma shilingi mia, maana yake Juma ana deni langu, Juma anawiwa. Mwia na mwiwa. Herufi moja inambadilisha mtu upande wa daftari. Wasomaji wa Waraka kwa Warumi katika Biblia wanakijua kitenzi hiki, ila darasani tunasema debiti na krediti, na mtu aliyekuwamo ndani ya neno haonekani tena.

Krediti nayo ina kisa. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kuamini: mdai ni yule aliyeamini. Mteja akiweka pesa, benki humwandikia krediti, maana ni benki inayowiwa. Na ripoti za benki zetu huziitaje pesa hizo? Amana za wateja. Amana na amini ni mzizi mmoja wa Kiarabu. Njia mbili zisizojuana zimefika mlango mmoja.

Rasilimali ndiyo inayonisikitisha. Ni ras al-mal, kichwa cha mali. Na cavedale ya Venice, sawa na neno la mtaji katika lugha nyingi za Ulaya, imetokana na neno la Kilatini la kichwa. Kamusi za zamani ziliipa rasilimali maana hiyohiyo ya mtaji. Leo tumeipeleka kwenye misitu, madini na maji, hata watu wakawa rasilimali watu, na mhasibu akabaki na mtaji peke yake. Ningelirudisha neno hilo kazini, walau katika somo la kwanza.

Na kasha? Tumelipata kwa Wareno, caixa, ambalo pamoja na cassa ya Kiitaliano ni watoto wa neno moja la Kilatini, capsa. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anaweza kuliandika ubaoni ingizo la Venice bila kukopa hata neno moja jipya:

Kasha lawiwa, rasilimali yawia.