Mchezaji ni wa Nani? Samoa, Nyuzilandi na Kanuni ya Mwaka 2000

Tarehe 8 Julai 2015 All Blacks, timu ya taifa ya raga ya Nyuzilandi, walicheza mjini Apia dhidi ya wenyeji wao, Samoa, wakashinda 25 kwa 16. Ilikuwa mara ya kwanza kabisa kwa timu hiyo kucheza mechi ya kimataifa katika ardhi ya Samoa. Samoa yenyewe ilikuwa imecheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa mwaka 1924, hapo hapo Apia, dhidi ya Fiji. Mechi hiyo ilianza saa moja asubuhi ili wachezaji wawahi kazini. Miaka tisini na mmoja, basi, ndiyo iliyopita kabla ya jirani tajiri kubisha hodi. Na katika muda huo wote jezi nyeusi ya jirani huyo ilikuwa imevaliwa na watoto na wajukuu wengi wa Samoa.

Mashabiki wa raga wanapokaa kubishana kuhusu uteuzi wa kikosi, kwa kawaida huanza na makali ya mchezaji: fulani yuko juu msimu huu, fulani amechuja, kocha kamwacha huyu kwa nini. Zikitajwa Samoa, Tonga au Fiji mjadala hugeuka. Huyu si alikuwa wa Nyuzilandi? Anaruhusiwa kweli? Swali hilo hujibiwa haraka haraka, kana kwamba ni la karani anayekagua vyeti vya kuzaliwa, kisha watu hurudi kwenye makali na mabao. Mimi naliona kuwa ndilo swali zito kuliko yote, na historia ya Samoa inaonyesha sababu.

Agosti 1914, vita vilipoanza Ulaya, askari wa Nyuzilandi waliiteka Samoa kutoka kwa Wajerumani. Novemba 1918 meli iitwayo Talune ilitia nanga Apia ikiwa na abiria wagonjwa wa homa ya mafua, na utawala ukawaruhusu washuke bila karantini. Katika majuma machache takriban mtu mmoja kati ya kila watano alikuwa amefariki. Uchungu huo ulichangia kuistawisha harakati ya amani ya kudai kujitawala iliyoitwa Mau (msomaji wa Kenya asiichanganye na Mau Mau yetu, majina yamekutana tu). Tarehe 28 Desemba 1929 polisi wa Nyuzilandi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Mau mjini Apia, na miongoni mwa waliouawa alikuwa kiongozi wao, Tupua Tamasese Lealofi III. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Januari 1962.

Baada ya vita vya pili vya dunia, viwanda vya Auckland vilikuwa na njaa ya vibarua. Wasamoa na Watonga wakakaribishwa, wakajenga mitaa, makanisa na vilabu vya raga. Uchumi ulipoyumba miaka ya sabini, wageni hao hao wakageuka tatizo. Kati ya 1974 na 1976 polisi walivamia nyumba za watu wa Pasifiki alfajiri wakitafuta waliozidisha muda wa viza, ingawa wengi waliozidisha muda hawakuwa watu wa Pasifiki. Mwanamke mmoja Msamoa, Falema'i Lesa, alishtakiwa kwa kosa hilo na kesi yake ikafika London, iliyokuwa bado makao ya mahakama ya mwisho ya rufani kwa Nyuzilandi. Mwaka 1982 majaji waliamua kwamba Wasamoa waliozaliwa kati ya 1924 na 1948, chini ya utawala wa Nyuzilandi, walikuwa raia wa Nyuzilandi. Kabla mwaka haujaisha, bunge la Wellington lilipitisha sheria ya kuwavua uraia huo.

Weka sheria hiyo kando ya uwanja wa raga. Mwaka 1970 All Blacks walizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi wakiwa na Bryan Williams, kijana wa Auckland mwenye asili ya Samoa. Serikali ya Pretoria ilimruhusu yeye na wenzake Wamaori kuingia kwa cheo cha ajabu: "wazungu wa heshima." Kwa hiyo mtu mwenye damu ya Samoa aliweza kuwa mzungu kwa muda wa ziara, na kuwa mtu wa Nyuzilandi kwa muda wa mechi, huku watu wa ukoo wake wakiwa katika hatari ya kuamshwa alfajiri na polisi. Anayedhani raga na uraia ni mambo mawili tofauti aanze kusoma hapo.

Kwa muda mrefu mlango wa timu za taifa ulikuwa wazi pande zote mbili. Michael Jones aliichezea Samoa dhidi ya Wales mwaka 1986. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa dunia na All Blacks. Frank Bunce alikuwa katika kikosi cha Samoa kilichoifunga Wales 16 kwa 13 mjini Cardiff tarehe 6 Oktoba 1991, mojawapo ya matokeo ya kushangaza kuliko yote katika Kombe la Dunia la raga. Mwaka 1992 akawa All Black. Va'aiga Tuigamala alipita njia ya kinyume: alianza na All Blacks, na mwaka 1999 alikuwa katika timu ya Samoa kwenye Kombe la Dunia. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake. Ulimpa mwenye nguvu nafasi ya kuchuma wachezaji walioivishwa na mnyonge, kama alivyochumwa Jones. Lakini njia ya kurudi ilikuwapo.

Tangu 1 Januari 2000 njia hiyo ilifungwa. Mchezaji mmoja, nchi moja. Akishaichezea timu ya taifa mara moja, hata kama ameingia kutoka benchi dakika za mwisho, amefungwa nayo kwa maisha yake yote ya raga. Miezi michache baadaye ikazuka kashfa iliyoonyesha jinsi vyeti vilivyokuwa havikaguliwi: Shane Howarth na Brett Sinkinson, wote wazaliwa wa Nyuzilandi, walikuwa wakiichezea Wales kwa madai ya kuwa na babu Wawelshi ambao hawakuwa Wawelshi. Uskoti nayo ikagundua kwamba babu wa David Hilton alizaliwa Bristol, si Edinburgh. Magazeti yalicheka sana. Kwa wengi kashfa hiyo ilikuwa uthibitisho kwamba kufunga mlango kulikuwa jambo la busara.

Hapa yafaa kueleza jambo ambalo huwashangaza hata watumishi wa idara za uhamiaji. Raga haiulizi pasipoti. Katika soka mchezaji lazima awe raia wa nchi anayoichezea. Katika raga inatosha awe amezaliwa huko, au mzazi wake, au babu au bibi yake amezaliwa huko, au awe ameishi huko kwa muda uliowekwa, ambao wakati huo ulikuwa miaka mitatu. Serikali ikitaka zaidi inajiongezea yenyewe. Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Harare, aliichezea Afrika Kusini kuanzia 2008 bila ya kuvunja kanuni yoyote ya raga; mwaka 2010 serikali ya nchi hiyo ikasisitiza kwamba timu ya taifa ni ya raia, na ikabidi apewe uraia ndipo aendelee. Mwaka 2019 alitwaa Kombe la Dunia. Laiti uraia huo ungekataliwa, asingeweza kurudi kuichezea Zimbabwe: alikuwa ameshafungwa.

Juu ya karatasi, kanuni ya mwaka 2000 ilikuwa haki tupu. Iliibana Nyuzilandi kama ilivyoibana Samoa. Tatizo ni kwamba haikuwakuta wakiwa sawa. Tangu Agosti 1995 raga ilikuwa imeruhusiwa kuwa kazi ya mshahara, na nchi yenye fedha iliweza kumpa kijana mwenye asili mbili jezi moja mapema, wakati mwingine kwa mechi mbili tatu tu za kumpima, kisha ikamwacha. Nyuzilandi isitoshe huwateua wachezaji wanaocheza ndani ya nchi hiyo tu. Mchezaji aliyeenda kutafuta riziki Ulaya alipoteza jezi nyeusi siku aliyopanda ndege, na jezi ya Samoa alikuwa ameshaipoteza zamani.

Chukua mfano wa Steven Luatua. Aliichezea Nyuzilandi mechi 15, ya mwisho mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 25, kisha akaenda Bristol na kuwa nahodha huko. Msimu baada ya msimu alikuwa katika kiwango ambacho kocha yeyote wa Samoa angekitamani, lakini jina lake halikuweza hata kujadiliwa. Hapo ndipo ubishi wa mashabiki kuhusu makali ya mchezaji unapokosa maana: makali yapo, timu ipo, asili ipo, na kanuni inasimama katikati.

Na kanuni iliandikwa na nani? Bodi ya kimataifa ya raga iliundwa mwaka 1886 na Uskoti, Ireland na Wales. Uingereza ilipojiunga mwaka 1890 ilipewa viti sita dhidi ya viwili vya kila mwenziwe. Nyuzilandi, Australia na Afrika Kusini ziliingia 1948, Ufaransa 1978. Kanuni ya mwaka 2000 ilipopitishwa, Samoa, Tonga na Fiji hazikuwa na kura zao wenyewe katika baraza hilo. Samoa na Fiji zilipata viti mwishoni mwa muongo wa 2010, kura moja kwa kila nchi, ilhali mataifa makubwa yana kura tatu tatu. Wanafunzi wangu wanaosoma Umoja wa Mataifa na Shirika la Fedha Duniani hawatahitaji maelezo zaidi.

Naomba nisieleweke vibaya. Hadithi wanayoipenda mashabiki, kwamba Nyuzilandi "inaiba" wachezaji wa Pasifiki, haina mashiko. Jonah Lomu alizaliwa Auckland kwa wazazi Watonga; alikuwa mtu wa Nyuzilandi kama mtu mwingine yeyote, na kumwita mali ya Tonga ni kurudia, kwa nia njema, lugha ile ile ya polisi wa alfajiri. Samoa nayo hutegemea sana vijana waliozaliwa na kufunzwa Auckland na Wellington. Kesi ya kweli ya wizi, kama ipo, iko kwenye njia ya makazi: vijana wa Fiji na Tonga wanaochukuliwa na shule na vilabu vya ng'ambo, wakahesabiwa miaka mitatu. Njia hiyo ilibanwa Mei 2017, mjini Kyoto, baraza lilipoamua miaka mitatu iwe mitano. Lakini kwa mtu wa asili mbili swali la nani kaibiwa nani halina jibu, kwa sababu yeye ni wa kote kuwili. Udhalimu wa kanuni ya mwaka 2000 ulikuwa kumlazimisha achague moja, mara moja, akiwa na miaka ishirini, mbele ya pande mbili zisizolingana mfuko.

Ilichukua miaka ishirini na miwili kuirekebisha. Tarehe 24 Novemba 2021 baraza la World Rugby lilifikisha robo tatu ya kura zinazohitajika. Kuanzia 1 Januari 2022 mchezaji aliyekaa miaka mitatu bila kucheza raga ya kimataifa anaweza kuhamia, mara moja tu, nchi aliyozaliwa au alikozaliwa mzazi wake, babu yake au bibi yake. Luatua na Lima Sopoaga, wote wa All Blacks wa zamani, na Christian Leali'ifano wa Australia, walivaa jezi ya Samoa katika Kombe la Dunia la 2023. Tarehe 7 Oktoba, mjini Lille, Samoa ilifungwa na Uingereza 18 kwa 17. Tonga nayo ilikuwa na Malakai Fekitoa, mzaliwa wa huko aliyekuwa bingwa wa dunia na Nyuzilandi mwaka 2015. Wapo walionung'unika kwamba wachezaji hao walikuwa wazee waliopita kilele chao. Ni kweli, na sababu yake ni miaka waliyofungiwa nje.

Miezi michache kabla ya kura hiyo, tarehe 1 Agosti 2021, Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliomba radhi rasmi kwa niaba ya serikali ya Nyuzilandi kwa uvamizi wa alfajiri wa miaka ya sabini. Sheria ya 1982 ilisubiri zaidi. Novemba 2024 bunge la Wellington lilifungua njia ya kuwarudishia uraia Wasamoa waliozaliwa kati ya 1924 na 1948, wale waliovuliwa baada ya kesi ya Lesa. Waliobaki hai wakati huo walikuwa wazee wa miaka sabini na mitano kwenda juu, na kila mmoja hana budi kuomba mwenyewe. Watoto na wajukuu wao hawamo katika sheria hiyo. Mjukuu wa mzee wa Apia aliyerudishiwa uraia wake hapati pasipoti ya Nyuzilandi kwa ajili ya babu. Lakini mjukuu aliyezaliwa Auckland, akikaa miaka mitatu bila jezi nyeusi, anaweza kuichezea Samoa kwa ajili ya babu huyo huyo.