Hodi Inayokuja Ukiwa na Kazi



Leo nakupeleka Kendu Bay, hapa kwetu Homa Bay. Kuna mambo mawili ya kale pale, na yote mawili yanahusu mtu aliyepiga hodi wakati watu wana shughuli zao.

La kwanza unalijua kama ulilelewa huku: Simbi Nyaima, kijiji kilichozama. Wazee husimulia kwamba usiku mmoja kijiji kizima kilikuwa kwenye sherehe, watu wanakunywa na kucheza. Akaja bibi kizee, amechoka, ana njaa, anaomba mahali pa kulala. Wakamfukuza. Alikuwa anawaharibia sherehe. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, akampa chakula na mahali pa kujilaza. Yule bibi akamwambia atoke kijijini usiku huo huo. Mama alitoka, maji yakaja, kijiji kikazama. Ziwa bado lipo, maji yake ni ya magadi, na flamingo huja kula pale.

Wataalamu wa miamba watakuambia kwamba lile ni shimo la volkano, na ni kweli. Lakini jiulize kwa nini babu zetu walilitazama ziwa hilo, kisha katika mambo yote wakachagua kuwafundisha watoto wao habari ya mgeni aliyekataliwa mlangoni. Walijua kitu. Hata kabla Biblia haijafika katika lugha yao, walikuwa wanaonya kuhusu jambo lile lile lililo katika Mwanzo 19 na Waebrania 13:2.

Sasa sogea kidogo hadi kilima cha Gendia, karibu na hapo hapo. Novemba 1906 walifika wageni wawili: Arthur Carscallen, kutoka Kanada, na Peter Nyambo, Mwafrika mwenzetu kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Walikuwa Waadventista. Mimi na ndugu zetu hao tuna mambo tunayotofautiana, lakini historia ni historia, na heshima apewe anayestahili. Wenyeji walikuwa na mashamba yao, ng'ombe wao na nyavu zao. Hakuna aliyekuwa amekaa akiwangojea. Hata hivyo wageni wakapata mahali pa kukaa. Carscallen akajifunza Dholuo mpaka akaandika sarufi yake. Mwaka 1913 mtambo wa kuchapa ukaanza kazi Gendia. Shule zikafuata, hospitali ikafuata, na kazi ikafika hadi Kamagambo, upande wa Rongo, Migori.

Kisha wale waliokuja kama wageni nao wakakatizwa. Mwaka 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza, na Septemba mwaka huo jeshi la Wajerumani likavuka mpaka kutoka upande ambao leo ni Tanzania, likafika Kisii. Palipiganwa vita, na vituo vya misheni vya Kisii vikaporwa. Ungekuwa mmishonari wakati huo ungesema kazi imekwisha. Haikwisha. Karne moja na zaidi imepita, na Kendu Bay bado vitabu vinachapwa.

Na wewe mwenyewe umeishi historia ya namna hiyo. Machi 2020 milango ya makanisa ilifungwa kwa sababu ya korona. Ilipofunguliwa Julai, tuliruhusiwa watu wasiozidi 100, kwa saa moja, bila watoto chini ya miaka 13 wala wazee wa zaidi ya 58. Tulilia. Lakini ni katika miezi ile baba wengi walifungua Biblia mezani mbele ya watoto wao kwa mara ya kwanza. Ibada ilikatizwa kanisani, ikaanza nyumbani.

Mpendwa, soma Marko 5. Yesu yuko njiani kwenda kwa Yairo, binti yuko mahututi, na mama mmoja mgonjwa anamgusa vazi. Yesu anasimama. Soma pia Matendo 10:44. Petro hajamaliza mahubiri, na Roho Mtakatifu anashuka juu ya nyumba ya Kornelio. Sisi Wapentekoste tunaimba na kuomba kila Jumapili Roho ashuke, halafu tunakasirika ratiba ikivurugika!

Sisemi kila anayekukatiza ametumwa na Mungu. Nehemia alikuwa juu ya ukuta, maadui wakamwita mara nne ashuke waonane. Alikataa mara zote nne, kwa sababu walitaka kumdhuru na kazi isimame. Simu inayolia katikati ya maombi ili upewe umbea, iache ilie. Pima hivi: je, aliye mlangoni ana haja, au ana njama? Mwenye haja, fungua.

Maana hapa kwetu, Migori na Homa Bay, tunajua maana ya haja. Kaunti zetu ni kati ya zile zilizoumizwa zaidi na Ukimwi. Kuna nyumba nyingi ambapo dani anawalea wajukuu peke yake. Yule mtoto anayekuja kuomba chumvi wakati unasongea watu wako ugali, huenda nyumbani kwao hakuna chumvi tu, hakuna hata unga. Yule msichana anayekungoja nje ya kanisa wakati wewe unakimbilia matatu, huenda ametafuta ujasiri mwezi mzima ili aseme neno moja. Ukimwambia "njoo kesho", huenda kesho asije.

Na ninyi wahudumu wa mlangoni, mlevi akiingia katikati ya ibada, msimsukume nje. Mpeni kiti nyuma, na mmoja wenu akae naye. Mtoto akilia, mama asitazamwe kwa macho makali. Stima ikipotea na jenereta ikakataa, tutaimba bila vyombo.

Wiki hii, mtu mmoja atakukatiza. Kabla hujakunja uso, kumbuka kwamba Simbi haikukosa chakula, maana sherehe ilikuwa imejaa. Ilikosa mtu wa kufungua mlango, isipokuwa mama mmoja.

Tuombe: Bwana, nipe sikio la kusikia hodi, na moyo wa kuinuka kitini. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha uende ukamjulie hali jirani yako.